Shamba Lililopandwa Mara Mbili

Rehema Sanga tumemzika Iringa mjini juzi juzi tu, na tangu nirudi Mbeya mawazo yangu bado yako huko. Siku ya mazishi nilikaa uani kwenye jamvi, pale wanawake wanapopikia, kwa sababu miguu yangu haitaki tena viti vya plastiki vya kule mbele. Wasichana wa kanisani walikuwa wanachambua mchele kwenye ungo. Mmoja akamwambia mwenzake, “Wale wa jumuiya ya bondeni wameleta sufuria zao. Wapike chao, na sisi tupike chetu, watu watajua wenyewe pa kula.” Mwenzake akasema, “Leo basi tutashiba mara mbili.” Nikawauliza, “Wajukuu zangu, mmegombana nini?” Wakatazamana. “Hakuna ugomvi, Bibi. Mambo ya kanisa tu.” Mambo ya kanisa tu! Nikaanza kucheka, nikajifunika khanga usoni, na wao wakadhani nimezidiwa na uchungu, mmoja akaniletea maji. Ningewaeleza palepale kilichonichekesha, lakini jeneza lilikuwa linatolewa ndani na watu wakaanza kuimba, basi nikanyanyuka. Yale niliyotaka kuwaambia ndiyo naandika hapa. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma anisamehe mwandiko. Majina lakini sijasahau hata moja.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana mkubwa, nimeshapata kipaimara, naweza kusonga ugali wa msiba bila kusaidiwa. Nilikuwa Igawa. Shangazi yangu akanituma nikakae na Bibi Damari Kihwele huko Ihomela, upande wa Iringa, kwa sababu bibi huyo alikuwa anaumwa kifua na miguu, na watoto wake wote walikuwa mbali. Niliifikia baridi yenyewe, ile ya mwezi wa sita ambayo asubuhi majani yanakuwa meupe na ng'ombe wanatoa moshi puani. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba chake kilinukia moshi, mafuta ya kuchua, na mapera aliyopenda kuyaweka chini ya kitanda mpaka yaive sana. Kitanda kilisogezwa karibu na dirisha kwa amri yake mwenyewe, ili aone watu. Nyumba ilikuwa katikati ya mteremko. Ukitazama juu unaona kanisa, bati lake limeshika kutu, na makaburi pembeni. Ukitazama chini unaona barabara kuu na malori ya kwenda Zambia yakipanda polepole huku yakilia. Hakuna mtu aliyeweza kutoka juu kwenda chini, au chini kwenda juu, bila kupita mbele ya dirisha lile, na Bibi Damari hakumwachia mtu apite bila kumsemesha. “Kamwene!” anasalimia. “Unakwenda wapi na kapu tupu?” Mimi niliyetoka kwingine nilijifunza Kihehe changu chote kwa kusikiliza anavyowachokoza wapita njia.

Sasa kile kijiji kilikuwa kimegawanyika, na mimi nilifika ugomvi ukiwa bado wa moto. Kanisa letu la Kilutheri lilijengwa juu kilimani zamani watu wote walipokuwa wanakaa huko. Lami ilipokuja, wengi wakashuka kukaa barabarani wafanye biashara. Hao wa barabarani wakasema kanisa jipya lijengwe chini, wazee na wajawazito wanateseka kupanda. Wa juu wakasema, waliotuletea Injili wamezikwa hapa, tuwaache na mbuzi? Msemaji wa juu alikuwa mzee wa kanisa, Zakaria Kalinga, mtu mrefu mwenye koti moja la kijivu ambalo hakulivua hata akilima. Msemaji wa chini alikuwa mama yake Rehema, Tabitha Sanga, tuliyemwita Mama Rehema, aliyekuwa na kibanda cha chai na chapati pale malori yanaposimama. Nilisimuliwa kwamba kwenye kikao baada ya ibada Mama Rehema alisimama akasema, “Mungu hakai kilimani tu. Hata chini yupo.” Mzee Zakaria akajibu bila hata kusimama, “Chini yupo, ndiyo. Ila huko anauziwa chapati.” Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu. Jumapili iliyofuata wa barabarani hawakupanda. Walisali kwenye godauni la chama cha ushirika, katikati ya magunia ya pareto, na pareto unaijua, ikikuingia puani ni chafya. Baba Yetu yote wanapiga chafya. Wa juu wakisikia hayo wanafurahi. Mwinjilisti wetu, Yohana Mtweve, ambaye sisi tulimwita Mwalimu, alikataa kuchagua upande. Alisalisha juu asubuhi, kisha tunamwona anashuka mbio na Biblia kwapani, anasalisha chini. Akipita dirishani Bibi Damari anamwuliza, “Mwalimu, mahubiri ya juu na ya chini ni yale yale?” Naye anajibu bila kusimama, “Ni yale yale, Mama, ila chini nakuwa nimechoka zaidi.”

Kwetu sisi tulikuwa mtaa tu, tawi dogo la usharika. Mchungaji alikaa usharikani, mbali, na alikuja kwa pikipiki mara chache kutupa Chakula cha Bwana. Mchungaji Luhanga alikuwa mpole wa sauti, lakini akisema amesema. Alikuja baridi ilipoanza kupungua, akakuta meza mbili zimetandikwa vitambaa vyeupe, moja kanisani, nyingine godauni. Hakugusa hata moja. Alikuja kunywa chai kwa Bibi Damari, na mimi nikiwa mlangoni na birika nikasikia yote. Akasema, “Mama, nimewaambia. Mimi siandai meza mbili. Siku wakiwa tayari kupiga magoti pamoja wataniita, hata kama ni siku ya mvua nitakuja. Mpaka hapo, hakuna.” Bibi Damari akageuka kumtazama. Halafu akasema, “Baba Mchungaji, na mimi je? Mimi nakufa.” Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mchungaji akaweka kikombe chini haraka, akasema, “Hapana, Mama, wewe ni mgonjwa. Wewe nitakupa hapa hapa kitandani, leo. Vyombo ninavyo kwenye mkoba.” Na akaanza kuufungua. Bibi Damari akamshika mkono. “Funga. Nile peke yangu chumbani, mlango umefungwa, kama mchawi? Hiki si kidonge. Tangu nibatizwe nimekula nikiwa katikati ya watu, mwingine ananikanyaga sketi, mtoto wa mwingine analia. Nitakula na watu wote au sili kabisa.” Mchungaji alimbembeleza sana. Alikunywa chai yake ikiwa imepoa, akaondoka. Pikipiki ilipoishia kona Bibi aliniambia, “Atu, mwenzio nimeringa. Sasa nikifa kabla hawajapatana, itakuwaje?”  Tangu siku ile, kila akikohoa sana nilikuwa naangalia juu, halafu naangalia chini, kama mtu anayesubiri wageni wa pande mbili.

Si kwamba walimwacha. Hilo ndilo la ajabu. Walimpenda wote, na kila upande ulitaka ionekane kwamba wao ndio wanaomtunza. Desturi yetu mgonjwa anapelekewa chakula na jumuiya, kwa zamu. Sasa zamu zikawa mbili na hazikuulizana. Mchana unafika, kutoka juu inakuja kande kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Hujalitua vizuri, kutoka chini anapanda Rehema na ugali na majani ya maboga yaliyotiwa karanga. Bibi anakula matonge mawili ya huku na vijiko viwili vya kule, anasema amechoka. Na bakuli la kanisa halirudi na chakula ndani. Likirudi na chakula maana yake chenu hakikupendeza, na wenyewe wakiona cha wenzao kimekwisha, utasikia maneno mwezi mzima. Basi nani amalize? Ni mimi. Nilikula mchana mara mbili tangu baridi mpaka mvua. Gauni nililotoka nalo Igawa lilikataa kufunga mgongoni, Bibi akacheka mpaka akakohoa. “Kanisa likigawanyika,” alisema, “wewe ndiye unayenenepa.” Rehema alikuwa anasubiri bakuli lake, na kwa kuwa nilikula polepole kwa shibe, alikaa muda mrefu. Mwanzoni alikaa amenuna, maana alitumwa pia aangalie bakuli la juu limeletwa na nini. Halafu akaanza kunisaidia kula. Halafu tukaanza kucheka pamoja. Akirudi nyumbani mama yake anamwuliza, “Wale wa juu wameleta nini?” naye anasema, “Kande, lakini haina chumvi,” na ilikuwa na chumvi nzuri tu, ameshiba nayo. Hivyo ndivyo tulivyoanza, mimi na yeye, urafiki uliokwisha juzi kaburini. Sijui kama kuna watu wengine waliofanywa marafiki na ugomvi wa wakubwa kiasi kile.

Mvua za kwanza zikaja. Kwetu kule shamba la mjane au mgonjwa lililimwa na kanisa kabla watu hawajaenda kwenye mashamba yao. Shamba la Bibi Damari lilikuwa ng'ambo ya kijito, halionekani kutoka nyumbani. Wiki ile kifua kilimbana, Mwalimu Yohana akatafuta lori la kutufikisha zahanati, tukalazwa huko siku kadhaa. Tuliporudi alikuja Mzee Zakaria, akavua kofia mlangoni. “Mama,” akasema, “usihangaike. Shamba lako limeshapandwa.” Bibi akashukuru. Jioni yake Mama Rehema naye akaja na chai ya maziwa kwenye chupa. “Mama, pona tu. Shamba lako tumeshapanda.” Akaondoka. Bibi Damari akaniita nimwinue akae. Uso wake ulikuwa umebadilika, sijawahi kumwona hivyo. “Umesikia, Atu? Zakaria kasema limepandwa. Tabitha kasema tumepanda. Wamekwenda pamoja! Walivyosikia nimelazwa wamepatana, ila wanaona haya kusema.” Aliomba hapo hapo, kwa Kihehe, maombi marefu ya kushukuru, akiwataja kwa majina wa juu na wa chini, mpaka na waliokwishakufa. Usiku ule alikula vizuri. Siku zilizofuata alisubiri pikipiki ya mchungaji, kila injini ikilia chini anasema, “Hiyo si yake?”

Pikipiki haikuja. Kilichokuja ni mahindi. Yalipochipua Bibi alinituma nikaangalie, na mimi nilipovuka kijito nikasimama. Shamba lilikuwa kama mkeka. Mistari mingine imeshuka na mteremko kutoka juu kwenda chini, mizuri, imenyooka. Mistari mingine imekatisha kutoka upande huu kwenda upande ule, mizuri vilevile, imenyooka. Na kila mistari ilipokutana pameota msitu wa vijiti vya kijani vinavyosukumana. Nilielewa bila kuambiwa. Wa juu walitangulia, wakalima na kupanda kama baba zao walivyopanda, wakaondoka. Mvua ikanyesha ikasawazisha udongo. Wa chini wakafika, wakaona limelimwa halina kitu, na Rehema alinihakikishia baadaye kwamba mama yake alishika kiuno akasema, “Wamelima wakaishia hapo. Hata mbegu ya mgonjwa imewashinda.” Wakapanda kwa furaha kubwa, tena kwa kukatisha mteremko, kama bwana shamba alivyofundisha. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, maana kumwuliza kungekuwa kumsalimia.

Nilirudi nikamweleza Bibi taratibu. Alinisikiliza akiwa ameshika pera mkononi. “Kwa hiyo hawakwenda pamoja,” akasema. “Hapana, Bibi.” Akalirudisha pera chini ya kitanda. Akageukia ukutani, na mchana ule mabakuli yote mawili niliyamaliza na Rehema bila yeye kuonja. Niliogopa. Nilidhani sasa ndiyo basi, ameacha. Kumbe alikuwa amekasirika. Kesho yake, jua halijapanda, ananiita, “Nipe fimbo yangu. Nenda juu mwambie Zakaria waje Jumatano kunipunguzia mahindi, yamesongamana. Halafu shuka, mwambie Tabitha waje Jumatano kunipunguzia mahindi, yamesongamana. Usiongeze neno.” Sikuongeza neno.

Jumatano tulitoka mapema, tukichukua mwendo wa kinyonga, ananiegemea na kupumzika kila penye jiwe. Nilimkalisha juu ya ndoo niliyoipindua pembeni mwa shamba, nikamfunga blanketi. Wa juu wakatokea na majembe, wanaimba. Wa chini wakatokea, na wao wanaimba, wimbo mwingine. Walipoonana, nyimbo zote mbili zikafa. Mama Rehema akanitazama. “Wewe Atu, hukusema kwamba kuna wageni.” Mzee Zakaria akasema, “Wageni ni nyinyi. Sisi shamba hili tumepanda.” “Mmepanda wapi? Mlilima mkachoka!” “Fumbua macho, Mama Rehema. Yale yanayoshuka ni nini? Ni magugu?” “Ndiyo hayo? Hayo mvua moja tu yanafika mto Ruaha. Yetu ndiyo yanayokatisha, bwana shamba mwenyewe angeyapigia makofi.” Ikawa kelele, kila mtu anaonyesha mstari wake kwa jembe. Bibi Damari aliwaacha mpaka wakaishiwa pumzi. Halafu akasema, “Mmemaliza? Mimi sitavuna hata gunzi hapa. Yamebanana, yatakuwa manjano, yatakufa. Kila mtu ang'oe ya kwake. Palipokutana pabaki moja. Na mtu asiguse la mwenzake.”

Wakaingia shambani, na hakuna aliyeng'oa. Wamesimama wameinama, mikono magotini, wanatazama chini. Kung'oa lako ni kumwachia mwenzako shamba. Kung'oa lake umeshakatazwa. Nikamsikia Mama Rehema akisema, “Mzee, hili lako lina rangi mbaya. Liondoe.” “Na hili lako, mama, lina mdudu.” “Mdudu huyo katoka kwako.” Walikwenda hivyo mstari mzima, wakiuguza mahindi ya wenzao kama waganga, na jua linapanda. Kisha wakafika mahali palipokuwa na mawili tu, la huyu na la yule, yote yamenona. Mzee Zakaria alichuchumaa akayatazama muda mrefu, koti lake linagusa matope. Akasema kwa sauti ya chini, “La kwako limeshika vizuri.” Akang'oa lake.  Mama Rehema alikuwa ameshaona haya, na haya ikimpata huwa anafanya mambo haraka haraka. Akainama na yeye, akang'oa lake. Pakabaki udongo mtupu. Wote wawili wamesimama, kila mmoja ameshika hindi mkononi, wanatazama shimo. Na kutoka kwenye ndoo Bibi Damari akapiga kelele, kwa kifua kile kile kibovu, “Jamani! Mkigombana nakufa njaa, mkipendana pia nakufa njaa? Rudisheni moja hapo!”

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, si kabla wala baada. Mwalimu Yohana alikaa chini kwenye matope. Rehema alinishika mabega. Mzee Zakaria, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka akavua lile koti kufuta machozi, na wanawake wa juu wakapiga vigelegele kwa kuona koti limevuliwa. Mama Rehema akapiga magoti akarudishia hindi moja, hata hakuangalia ni la nani, akalishindilia udongo. Tangu hapo ikabidi waongee, maana kila palipokutana lazima mtu aulize, “Lipi libaki?” na mwingine ajibu. Huwezi kuulizana hivyo kutwa nzima mkabaki mmenuniana. Mchana walifungua vyakula. Kande ya juu ikaenda kwa wa chini, chapati za Mama Rehema zikaenda kwa wa juu. Mzee Zakaria akachukua moja. Watu wakamtazama anavyotafuna. Mama Rehema akamwambia, “Kula, Mzee. Hiyo ndiyo ile Mungu anayouziwa huku chini.” Mzee akameza, akafuta mdomo. “Nisamehe, mama. Sasa nimeelewa kwa nini hapandi.” Basi hapo hata ndege walikimbia kwa kelele.

Neno la kanisa lijengwe wapi halikwisha siku ile, na nisidanganye kwamba liliisha vizuri, liliendelea miaka. Lakini Mwalimu Yohana alisimama na chapati yake mkononi, akasema, “Ndugu zangu, kilima hiki nimekipanda na kukishuka peke yangu tangu mgombane. Viatu hivi mnaviona. Naomba kitu kimoja. Tukipande na kukishuka wote. Jumapili hii sote juu, Jumapili ijayo sote chini, mpaka Mungu atakapotupa akili nyingine.” Wakatazamana. Mtu mmoja wa juu akauliza, “Na pareto je?” Mwalimu akasema, “Tutapiga chafya pamoja.” Ikapita.

Aliyetumwa kumwita mchungaji aliondoka palepale kwa lori la mkaa, na Mchungaji Luhanga akatimiza neno lake, alikuja na mvua, amelowa mpaka soksi. Jumapili hiyo ilikuwa ya juu. Bibi Damari asingeweza kupanda. Vijana wa barabarani wakafunga miti miwili kwenye kiti chenye mikono, wakambeba, na njia nzima aliwagombeza. “Polepole! Mimi si gunia la viazi! Wewe, baba yako nilimfundisha katekisimu, hakuwa anatetemeka hivyo.” Wakamweka mbele kabisa, karibu na madhabahu, nikasimama nyuma yake na Rehema. Wakati ulipofika mchungaji alimwendea yeye wa kwanza, kama ilivyo kwa wagonjwa. Akainama na mkate. Bibi Damari akafunga mdomo, akatikisa kichwa.  Mimi nikajua ameringa tena. Mchungaji akanong'ona, “Mama, kuna nini?” Akajibu, si kwa kunong'ona, “Anza na wao. Nataka nione.”

Basi mchungaji akaanza na wao. Walikuja wakapiga magoti, safu baada ya safu, wa juu na wa chini wamechanganyika kwa kuwa walikaa walivyokuta nafasi wakikimbia mvua, na kila aliyepiga magoti Bibi alimtazama, midomo yake inatembea. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alikuwa anawataja majina. Zakaria. Tabitha. Yohana. Nikapiga magoti na mimi, Rehema bega langu la kushoto, ananukia moshi wa kibandani kwao, tukapokea, tukarudi kusimama nyuma ya kiti. Bati linapigwa na mvua husikii kitu. Safu ya mwisho ilipoinuka mchungaji akamrudia. Bibi akafungua mdomo kama mtoto. Akala, akanywa kikombeni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Mzee Zakaria akaanza kuinuka kwenye benchi, tukadhani Bibi amekwenda. Mimi nikamgusa shavu. Lilikuwa na joto. Akafumbua jicho moja, akanitazama, akasema, na wote wakasikia kwa sababu mvua ilikuwa imepungua, “Nirudisheni nyumbani. Nina njaa.”